Pembe ya Sita

Desemba, Liepāja. Saa kumi kasorobo
na jua limeshafunga duka.
Nawasha taa ya mezani, naivika karatasi ya kuokea
ili mwanga usipige kelele,
kisha naigeuza lenzi, kisogo kiwe uso.
Ni hila ya mtu asiye na pesa:
lenzi kuukuu ikifungwa kinyumenyume
huona anavyoona sisimizi.

Nazuia pumzi. Kwa kipimo hiki
moyo wangu ni tetemeko la ardhi,
na tramu ipitayo chini ya ghorofa
ni kiama.
Palipo wazi ni pembamba kuliko ukucha;
mbele ukungu, nyuma ukungu.

Chumvi kwanza.
Nilidhani ni vumbi jeupe. Kumbe ni mji
wa nyumba za mraba, kuta zimenyooka,
na kila paa limebonyea ngazi kwa ngazi
kama uwanja wa mpira uliokosa watazamaji.
Halafu chujio la chai, vidirisha vyake elfu,
kimoja kimezibwa na mbegu ya kisibiti.
Halafu zipu ya koti langu la kazini,
meno yanayong'atana kwa adabu.
Sponji ya vyombo niliipiga picha arobaini.
Zote ovyo.

Baba yangu, Visvaldis, alifundisha jiometri
miaka thelathini na minne katika shule moja.
Alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu
akalifuta kabla hatujalistaajabia.
"Hilo si duara," alisema. "Duara haliko duniani.
Hapa kuna vitu vinavyolitamani tu."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, dawati la mbele,
binti wa mwalimu, nikamchukia kwa maneno yale.
Tangu siku hiyo natafuta ushahidi.

Macho hayana pazia, watu husema.
Ya baba sasa yanalo:
doa la kijivu, katikati kabisa,
huketi palepale anapotazama.
Akinielekea usoni
anayaona masikio.

Jumapili nilimpelekea picha, pana kama sinia:
nati ya baiskeli yake,
niliyoiokota kwenye kopo la biskuti stoo.
Aliisogeza kando, akaitafuta kwa pembe ya jicho
kama kuku anayeikagua punje.
"Kuna nini hapa?"
Nikakishika kiganja chake, nikachora kwa ukucha:
upande, kona. Upande, kona.
Alihesabu kwa sauti ile ya darasani.
Kwenye tano akaufumba mkono, kidole changu ndani.
"Na ya sita?"
"Imelika, baba. Imekuwa mviringo."

Akacheka.
Hilo halikuwamo kwenye mtaala.
"Niliila mimi. Kwa koleo.
Spana nilikuwa nimemwazima Gunvaldis wa ghorofa ya pili,
na wewe una homa, umefungwa kwa shali kiti cha nyuma,
gurudumu linacheza, mvua, zahanati inakaribia kufungwa.
Nikakaza. Ikateleza. Nikakaza tena."
Akanyamaza, akaipapasa picha
mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupapasa.
"Kazi mbaya," alisema. "Ningempa mwanafunzi sifuri."

Mimi siikumbuki safari hiyo.
Nakumbuka harufu ya grisi tu, na sufu mbichi mdomoni,
na hizo huenda zilitoka siku nyingine.

Usiku nimeifungua tena kwenye kioo cha kompyuta,
nikaikuza hadi chuma kikawa mlima.
Pale kona ilipotakiwa kuwa
kuna mikwaruzo saba ya meno ya koleo,
sambamba, inapinda pamoja,
tao moja linalozunguka, linazunguka,
kama mtu anayechora kwa haraka na kwa hofu.
Nikachukua bikari yake ya shaba, ile ya shule,
nikaipachika juu ya kioo.

Halikutimia. Limekosea kwa unywele.

Sikulifuta.